Kilo moja ya mzigo, na picha za mbwa

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1915 baharia wa Ireland aitwaye Tom Crean alipigwa picha akiwa amewapakata watoto wanne wa mbwa. Ni mwanamume wa miraba minne, lakini anavyowashika ungedhani amewazaa mwenyewe.

Mpiga picha alikuwa Frank Hurley wa Australia, katika msafara wa Ernest Shackleton uliotaka kulivuka bara la Antaktika. Meli yao, Endurance, ilinaswa na barafu Januari mwaka huo, ikiwa na watu 28 na mbwa wengi wa kukokota mizigo.

Miezi ikapita bila safari. Mabaharia wakawajengea mbwa vibanda vya barafu, wakawashindanisha mbio, na kila mbwa alikuwa na jina. Kiongozi wa kundi la Hurley aliitwa Shakespeare. Kwetu, ambako mbwa hulinda boma na kula makombo, jina kama hilo linachekesha.

Oktoba barafu ikaivunja meli. Shackleton aliamuru kila mtu abebe vitu vyake binafsi visivyozidi kilo moja hivi. Msomaji aliyewahi kukimbia kwao kwa miguu anaijua hesabu hiyo. Watoto wa mbwa wachanga walipigwa risasi, pamoja na paka wa seremala.

Hurley alikuwa amejitosa katika maji ya barafu ndani ya meli iliyovunjika kuokoa picha zake, ambazo zamani hizo zilikuwa vioo vizito. Yeye na Shackleton waliketi wakachagua vioo 120 hivi. Vingine vipatavyo 400 walivivunja palepale, Hurley asije akashawishika kuvirudia.

Wale wanne wa Crean walikuwa wamekua na kuanza kukokota mizigo. Hata hivyo chakula kilipopungua, mbwa wote waliuawa kundi baada ya kundi, wa mwisho mwaka 1916, na baadhi yao wakaliwa. Kazi hiyo alipewa Frank Wild, msaidizi wa Shackleton. Baadaye aliandika kwamba wapo watu wengi ambao angeona afadhali awapige risasi wao kuliko mbwa aliyekuwa mbaya kuliko wote.

Watu wote 28 waliokolewa. Crean alirudi kijijini kwake Annascaul, akafungua baa, akaiita South Pole Inn.