Povu la bia ya pipa lamaliza faida ya muuzaji

KUUZA bia ya pipa kwenye harusi, mechi na siku za soko kunahitaji vifaa vichache: pipa, mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, mpira, koki na barafu. Hata hivyo, wapo wauzaji ambao jioni pipa limekwisha lakini fedha hazitimii. Bia imemwagwa ikiwa povu.

Pipa la lita 50 hutoa vikombe 100 vya nusu lita. Tuseme vikombe 80 hurudisha gharama za pipa, gesi, barafu na usafiri. Faida ni vikombe 20. Akimwaga lita 5 tu, muuzaji amepoteza vikombe 10, yaani nusu ya faida yake.

Aonapo povu, muuzaji wengi hukimbilia kupunguza gesi. Mara nyingi hapo ndipo tatizo huongezeka. Presha ikishuka, gesi iliyoyeyuka ndani ya bia hujitenga ikiwa bado mpirani, na bia hufika kikombeni ikiwa povu. Baadaye hupoa ladha.

Chanzo kikubwa ni joto. Bia yenye nyuzi 4 za Sentigredi huhifadhi gesi yake kwa presha ya pauni 12 hivi kwa inchi ya mraba. Ikifika nyuzi 20, huhitaji zaidi ya mara mbili ya presha hiyo. Kwa hiyo pipa lipoe kwanza: karibu siku nzima katika friji, au saa kadhaa katika beseni la barafu. Barafu ichanganywe na maji, kwa kuwa mabonge matupu hayagusi pipa lote. Pipa lililosafirishwa kwa pikipiki au gari lisifunguliwe kabla ya kutulia.

Namna povu linavyotoka huonyesha kasoro ilipo:

• Kikombe cha kwanza tu kina povu: koki au mpira umepata joto. Ufunikwe, usipigwe na jua.

• Kila kikombe kina povu: pipa lina joto, presha si sahihi, au mpira ni mfupi. Kwa presha ya pauni 12, mpira wenye uwazi wa milimita 5 uwe na urefu wa mita 2 hadi 3.

• Bia inatoka kwa kurukaruka: kiungo kimelegea na kuvujisha gesi, au pipa linakaribia kwisha.

• Povu linakuja na harufu ya uchachu: mpira na koki ni vichafu. Vioshwe kwa dawa maalumu kila baada ya wiki mbili, kisha visuuzwe vizuri.

Wakati wa kumimina, kikombe kiinamishwe na koki ifunguliwe yote kwa mara moja. Koki iliyofunguliwa nusu huzalisha povu.

Jambo hili linamgusa pia mkulima. Nchini Kenya, bia ya pipa ya bei nafuu ya Senator, iliyoingia sokoni mwaka 2004, hutumia mtama wa wakulima wa huko. Kodi yake ilipopandishwa mwaka 2013, mauzo yaliporomoka na wakulima wakakosa soko. Muuzaji hana uwezo wa kupanga kodi, lakini barafu, mpira na usafi viko chini ya mamlaka yake.