Malisho bila mchungaji

Tukilichanganua neno malisho, tunakuta kitenzi -la, kauli ya utendeshi -lisha, kisha ma- na -o. Ndani ya neno hili kuna mtu: mnyama anakula, lakini yuko anayemlisha. Je, mchungaji akiondoka na kondoo wake, wakabaki wanyama wa porini peke yao, pale bado ni malisho?

Tuchukue mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Sturt, katika nchi kame ya kaskazini-magharibi mwa jimbo la New South Wales, Australia. Mwaka 1972 mashamba makubwa ya kondoo yaligeuzwa kuwa hifadhi. Kondoo waliondolewa, akabaki kangaruu mwekundu, mwenyeji wa nchi hiyo. Nyayo zake ni laini, haziukandamizi udongo kama kwato za kondoo. Hata hivyo hupenda majani mabichi yaleyale, na wakiwa wengi nyasi hazipati nafasi ya kurudi, hasa wakati wa ukame.

Ili kujua nani amekula nini, watafiti wa nchi kame huzungushia ardhi uzio. Kipande kimoja huachwa wazi. Cha pili huzuia kangaruu lakini hupitisha sungura walioletwa kutoka Ulaya. Cha tatu huzuia wote. Ndivyo nasi tunavyolinganisha pata na bata: badilisha kitu kimoja tu, utaiona kazi yake.

Lakini kwa nini kangaruu ni wengi? Mpakani mwa hifadhi unapita uzio wa takriban kilomita 5,600, unaotunzwa ili kuwakinga kondoo dhidi ya dingo, mbwa wa porini. Upande wenye dingo, kangaruu ni wachache sana. Upande usio na dingo, wamejaa. Pia yapo mabwawa yaliyochimbwa kuwanywesha kondoo, ingawa uzito wake unabishaniwa, kwa kuwa kangaruu huvumilia kiu kuliko kondoo.

Kwa hiyo najibu: ndiyo, Sturt ilibaki malisho. Mchungaji aliondoka, lakini uzio wake unaendelea kulisha. Wengine wanataka kangaruu wapunguzwe kwa bunduki ili nyasi zipone. Huenda ikalazimu, lakini hoja hiyo inamtaja anayekula tu na kumsahau anayelisha. Sarufi ya neno letu haimsahau.