Mzee Atetemekaye Hakurogwa

Wako wazee katika vihamba vyetu ambao mkono mmoja hutetemeka hata wakiwa wamekaa kimya kivulini. Kikombe cha chai hakifiki mdomoni ila nusu yake imekwisha kumwagika. Mguu husita mlangoni kana kwamba umegandishwa chini. Uso uliokuwa ukicheka na wajukuu umekuwa kama wa mtu aliyekasirika, ingawa yeye hana ugomvi na mtu. Majirani hupita, husalimu, na wakifika njiani husema mojawapo ya mambo mawili. Wengine husema, "Ni uzee tu." Wengine hushusha sauti na kusema, "Huyu amerogwa."

Ndugu msomaji, mara nyingi wote wawili wamekosea. Yako maradhi yenye dalili hizo, nayo yana jina na yana dawa. Tena mojawapo ya tafiti zilizoeleza vizuri habari zake katika Afrika ulifanywa hapa hapa kwetu, katika miteremko ya Kilimanjaro, Wilaya ya Hai. Yafaa kila jamaa yenye mzee nyumbani ijue habari hizi.

Waliopita nyumba kwa nyumba

Tangu mwaka 1992 ulikuwapo katika Hai mradi wa kuhesabu watu na kuandika sababu za vifo, ambao Wizara ya Afya iliufanya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza. Waandishi wa hesabu walipita nyumba kwa nyumba, wakajulikana na wenyeji. Baadaye madaktari wawili Waingereza, Richard Walker na Catherine Dotchin, pamoja na wenzao Watanzania, walitumia njia hiyo hiyo kuwatafuta watu wenye ugonjwa uitwao Parkinson. Jina hilo latokana na daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika habari zake mwaka 1817.

Hesabu ya mwaka 2006 ilikuwa ya watu 161,071. Aliyeonekana kuwa na dalili alipimwa na daktari. Mwisho walipatikana wagonjwa 33, yaani kama 20 katika kila watu 100,000. Hesabu hii yaweza kuonekana ndogo, lakini tukumbuke kwamba maradhi haya huwapata zaidi wazee, na watu wengi wa nchi yetu ni vijana. Kadiri watu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo wagonjwa watakavyoongezeka.

Jambo zito zaidi ni hili: zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wameambiwa na mtu ye yote ugonjwa wao ni nini. Walikuwa wakitetemeka na kuanguka katika nyumba zao, na huku hospitali kubwa ya KCMC imesimama Moshi tangu mwaka 1971. Mtu haendi kwa daktari kwa jambo analodhani ni uzee. Na anayedhani amerogwa huenda kwingine.

Utafiti mwingine uliofanywa Hai, ukachapishwa mwaka 2011, uliwauliza wagonjwa wenyewe, watu wanaowatunza, wahudumu wa afya na waganga wa kienyeji. Wengi waliuita "ugonjwa wa kutetemeka." Walio wengi waliuona kuwa sehemu ya uzee, na wengine walitaja uchawi. Tusiwacheke. Mtu huona kutetemeka, lakini haoni kinachotendeka ndani ya kichwa. Basi tutazame ndani.

Chembe mbili na korongo

Ubongo wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana za fahamu, zipatazo bilioni 86. Kila chembe ina mkia mrefu kama kamba, na habari hupita katika mkia huo kwa nguvu ya umeme mdogo sana. Hapo kale wataalamu wengi walidhani chembe hizo zimeungana zote kama nyuzi za wavu mmoja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, alionyesha kwamba sivyo. Kila chembe yakaa peke yake, na kati ya chembe na jirani yake pana nafasi. Nafasi yenyewe ni nyembamba mno, haifiki sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele.

Sisi tukaao mlimani twaweza kufahamu jambo hili upesi. Kati ya kilima na kilima liko korongo, na chini yake mto kama Weruweru au Kikafu. Tuseme habari imefika ukingoni upande huu. Ikiwa sauti haivuki, budi atumwe mjumbe ashuke, avuke, apande na kumkabidhi jirani wa ng'ambo. Jirani akipokea, habari huendelea mbele.

Ndivyo chembe zifanyavyo. Umeme ukifika mwisho wa mkia, chembe hutoa dawa kidogo iliyohifadhiwa ndani ya vifuko vidogo. Dawa hiyo huvuka nafasi na kugusa mahali maalum katika chembe ya pili, kama ufunguo na kufuli lake. Hapo chembe ya pili huamshwa au hutulizwa. Kisha mjumbe huondolewa, ili njia iwe wazi kwa habari nyingine. Haya yote hutendeka kabla hujapepesa jicho.

Profesa aliyefungwa

Aliyeonyesha wazi kwamba mjumbe huyo yupo ni Otto Loewi, profesa katika mji wa Graz, Austria. Mwaka 1921 alichukua mioyo miwili ya vyura, akaiweka katika maji ya chumvi ikaendelea kupiga. Aliusisimua kwa umeme mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, nao ukapiga polepole. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka, akayatia kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa na umeme. Huo nao ukapunguza mwendo. Basi katika maji yale mlikuwa na kitu kilichobeba agizo. Kitu hicho leo chaitwa asetilikolini. Loewi alisema kwamba wazo la jaribio hilo alilipata katika ndoto usiku. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1938, Wanazi waliitwaa Austria. Loewi alikuwa Myahudi. Usiku walimkamata, wakamtia gerezani pamoja na wanawe wawili. Akiwa humo, akihofu kwamba atauawa na utafiti wake wa mwisho upotee, aliomba kalamu na postikadi, akayaandika matokeo yake ili yapelekwe kwenye gazeti la wataalamu. Alipofunguliwa alilazimishwa kutoa fedha za tuzo yake ndipo aruhusiwe kuondoka nchini, na mkewe hakuruhusiwa kuondoka pamoja naye. Kwa kifungo kile nyumba nzima ilitaabika.

Mjumbe wa mwendo

Wajumbe wa ubongo ni wengi, na kila mmoja ana kazi zake. Mmoja huitwa dopamini. Katika miaka ya 1950 Msweden Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa iliyomaliza wajumbe hao katika ubongo, nao wakalegea wasiweze kujongea. Kisha akawapa levodopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, na sungura wakainuka tena. Kwa kazi yake Carlsson alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960, huko Vienna, Oleh Hornykiewicz alionyesha kwamba ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umepungukiwa sana na dopamini. Mwaka uliofuata wagonjwa walianza kudungwa levodopa, na waliokuwa wamelala kitandani wakaweza kusimama.

Haya ndiyo maelezo ya mzee wetu wa kivulini. Katika sehemu moja ya ubongo chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo. Wajumbe wanakuwa wachache, na agizo la "nyosha mkono" au "vuka kizingiti" linachelewa ukingoni. Akili yake yaweza kuwa nzima, na nia anayo. Anayemwambia "fanya haraka" humwonea.

Kwa nini asipewe dopamini yenyewe? Kwa sababu ubongo una ukuta wa kuulinda, na dopamini iliyo katika damu haiwezi kuupenya. Levodopa hupenya, kisha hugeuzwa ndani. Huchanganywa na dawa nyingine, kabidopa, ili isimalizike njiani. Mchanganyiko huo umo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hauponyi ugonjwa, na baada ya miaka kadhaa nguvu yake huanza kuwa na vipindi. Lakini humrudishia mtu miaka ya kutembea, kula na kujivika mwenyewe. Taabu ni kwamba haupatikani katika kila zahanati, na kuununua kila mwezi ni mzigo kwa mkulima.

Wengine watauliza habari za upupu, ule mmea uwashao. Ni kweli kwamba mbegu zake zina levodopa. Wataalamu wa India waliitoa humo mwaka 1937. Lakini kiasi chake hubadilika kutoka mbegu hata mbegu, nazo zikizidi huleta kutapika na kuchanganyikiwa. Mtu asijaribu nyumbani.

Kifungo cha nyumba nzima

Gereza la Karanga lajulikana na kila mtu wa Moshi. Mtu mmoja akihukumiwa, hukumu huandikwa kwa jina lake peke yake. Lakini mkewe hubaki na shamba peke yake, mtoto hukosa ada, na mama mzee hupanda gari kwenda kumzuru na kurudi analia. Hao hawakuhukumiwa na hakimu ye yote, walakini wanatumikia.

Ugonjwa mrefu hufanana na hayo. Mgonjwa ni mmoja, lakini yuko binti aliyeacha biashara yake ili amwogeshe baba. Yuko mke mzee anayeamka mara tatu usiku kumgeuza mumewe kitandani, naye mgongo wake mwenyewe wauma. Wanaume wa ukoo huja siku ya kikao, husikitika, hunywa chai na kuondoka. Na likiisha kutajwa neno la uchawi, jirani mmoja hutuhumiwa bure, na jamaa mbili hugawanyika kwa jambo ambalo daktari angeweza kulieleza.

Kwa hiyo mzigo ugawanywe. Watoto walio mjini wakubaliane ni nani atanunua dawa mwezi huu na nani mwezi ujao. Walio karibu washike zamu, ili anayemtunza mgonjwa apate siku ya kupumzika na kwenda sokoni. Mtunzaji akianguka, wagonjwa wamekuwa wawili.

Dalili za kuangalia

Kutetemeka kwa ugonjwa huu huanza mara nyingi upande mmoja, na huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika. Mwili huwa mzito na mkavu. Hatua huwa fupi za kuburuza, na mkono mmoja hauendi mbele na nyuma wakati wa kutembea. Mwandiko huwa mdogo, sauti hushuka, uso hukosa mabadiliko. Wengine hupoteza uwezo wa kunusa au hufunga choo miaka kadhaa kabla ya kutetemeka.

Si kila atetemekaye ana Parkinson. Tezi ya shingoni, pombe ya miaka mingi, dawa fulani za wagonjwa wa akili na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika zaweza kuleta dalili za namna hiyo, na baadhi hizo huondoka sababu ikiondolewa. Ndiyo maana apelekwe kwa daktari, na dawa zote anazotumia zichukuliwe zionekane.

Akipewa levodopa, aimeze kwa saa zile zile kila siku, na kama tumbo lake lakubali, nusu saa kabla ya chakula, maana nyama na maharagwe huizuia kuingia. Asiiache ghafula kwa shauri la mtu ye yote asiye daktari. Nyumbani, ondoeni kigoda na ndoo njiani, wekeni mahali pa kushika karibu na kitanda na choo, na mpeni muda wa kutafuna.

Liko jambo jingine lisilo la gharama. Huko Hai wagonjwa walifundishwa kutembea kwa kufuata mlio unaopiga kwa mapigo sawa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mwendo wao ulikuwa mzuri zaidi. Mguu unaogoma kwa agizo la ndani huweza kuitika pigo la nje. Basi mjukuu amshike babu mkono, ahesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, au aimbe wimbo wa mwendo anaoupenda mzee. Watavuka kizingiti pamoja.

Mkiwa na mzee wa namna hii nyumbani, msingoje mavuno wala sikukuu. Mpelekeni kwa daktari juma hili. Na jirani akiuliza ni nani aliyemroga, mwambieni kwamba mjumbe amepungua ubongoni, na kwamba mnakwenda kumtafutia msaada.