Kabla ya Beijing: Tusimwache Simbu Peke Yake

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba, 2025, wanaume wawili waliingia mbio katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, wakiwa wamekwisha kuziacha nyuma karibu kilometa zote 42 za marathoni. Walipouvuka mstari wa mwisho, saa iliandika hesabu ileile kwa wote wawili: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Waamuzi ikawabidi waitazame picha, na picha ikatoa hukumu kwamba Alphonce Simbu wa Tanzania amemtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu tu kati ya sehemu mia za sekunde. Muda huo ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Hata hivyo ulitosha kuipatia nchi yetu medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia.

Taji hilo litagombewa tena mjini Beijing, katika mashindano yaliyopangwa kufanyika tarehe 11 hadi 19 Septemba, 2027. Mabarazani Unguja na Pemba, kama ilivyo katika maofisi ya Serikali, watu wanaulizana: Je, Simbu ataweza kulitetea? Swali hilo ni la haki, nasi tutajaribu kulijibu. Lakini lipo swali jingine lililo kubwa zaidi, nalo halielekezwi kwa Simbu bali kwetu sisi: Siku ile atakaposimama kwenye mstari wa kuanzia, ni Watanzania gani watakaosimama ubavuni mwake?

Tuanze na hesabu ya zamani, maana aliyepita njia ndiye ajuaye miiba yake. Tangu mashindano ya dunia yaanzishwe mwaka 1983 hadi yale ya Tokyo, marathoni ya wanaume imekimbiwa mara 20. Katika muda wote huo ni mabingwa watatu tu waliofaulu kulitetea taji katika mashindano yaliyofuata: Abel Antón wa Hispania mwaka 1999, Jaouad Gharib wa Moroko mwaka 2005, na Abel Kirui wa Kenya mwaka 2011. Kwa hiyo atakayetamka kwamba Simbu atashinda bila shaka yoyote, huyo hasemi kwa elimu bali kwa mapenzi. Na atakayetamka kwamba haiwezekani, naye pia amekosea, kwa kuwa watatu wamekwisha kuonyesha njia.

Umri nao ni jambo la kupimwa. Simbu alizaliwa Februari 1992, hivyo atakapofika Beijing atakuwa na miaka 35. Katika mbio fupi umri huo ni jioni, lakini katika marathoni bado ni alasiri. Eliud Kipchoge wa Kenya alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021 akiwa na miaka 36, na Carlos Lopes wa Ureno aliipata ya mwaka 1984 akiwa na miaka 37.

Sasa tuwatazame wapinzani. Wakenya wanao watu wenye kasi ya kutisha. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Baada yake akatokea Sabastian Sawe, aliyeshinda London na Berlin mwaka 2025, kila mara kwa saa 2 na dakika 2 na ushei. Ethiopia inaye Tamirat Tola, bingwa wa dunia wa mwaka 2022 na bingwa wa Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Uganda inaye Victor Kiplangat, bingwa wa dunia wa mwaka 2023, na Jacob Kiplimo, aliyeshinda Chicago mwaka 2025 kwa saa 2, dakika 2 na sekunde 23. Nao Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia, waliotwaa fedha na shaba mjini Tokyo, hawawezi kusahau jinsi walivyoikaribia dhahabu.

Mtu akizipanga saa hizo katika safu, jina la Simbu halitakuwa juu. Lakini hapa ndipo wengi wanapopotea. Mbio za miji mikubwa na mbio za ubingwa hazipimwi kwa mizani moja. Katika mbio za miji, waandaaji huajiri waongoza kasi ambao kazi yao ni kupasua upepo na kushika mwendo uliokubaliwa; anayeshinda huvutwa nao hadi sehemu kubwa ya safari. Katika ubingwa wa dunia hakuna mtu wa namna hiyo. Kila mmoja humtazama mwenzake, mwendo hupanda na kushuka kama pumzi ya bahari, na ushindi humwendea yule aliyebakiza kitu kifuani katika kilometa tano za mwisho. Ndiyo maana Kenya, pamoja na utajiri wake wote wa wakimbiaji wa kasi, haikulipata taji hili la wanaume tangu ushindi wa Geoffrey Kirui mwaka 2017 hadi kufikia Tokyo 2025. Katika mashindano manne yaliyofuata ushindi huo lilikwenda Ethiopia mara mbili, Uganda mara moja na Tanzania mara moja.

Mji wa Beijing wenyewe unatufundisha jambo hilohilo. Katika Olimpiki ya mwaka 2008, Samuel Wanjiru wa Kenya alianza kwa kasi iliyowashangaza walimu wa mchezo na kumaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Miaka saba baadaye, katika mashindano ya dunia ya mwaka 2015, mji ni uleule na mwezi ni uleule wa Agosti, Ghirmay Ghebreslassie wa Eritrea, kijana wa miaka 19, alishinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 28. Tofauti ya takriban dakika sita! Safari hii mbio zitakuwa Septemba, wakati joto la mji huo aghalabu huwa limepungua. Huenda basi wenye kasi wakapata nafasi bora kuliko waliyoipata Tokyo, ambako joto na unyevu viliwachosha wengi. Simbu hana budi kujiandaa kwa mbio za aina zote mbili. Kwamba anayo kasi ya kutosha si jambo la kubahatisha: Aprili 2025 alishika nafasi ya pili Boston kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4.

Kwa kuyapima hayo yote, rai yetu ni hii. Akiwa mzima wa mwili, Simbu ana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa watu watano au sita wanaoweza kupanda jukwaani. Mtu aliyekuwa wa tano Rio mwaka 2016, akapata shaba London mwaka 2017, na dhahabu Tokyo mwaka 2025, huyo si wa kubahatisha. Lakini mmoja kati ya sita bado ni mmoja kati ya sita. Msuli mmoja ukikataa, tumbo moja likichafuka usiku wa kuamkia mbio, matumaini ya taifa zima huwa yamekwisha.

Na hapo ndipo tunapotaka kuwafikisha wenye dhamana. Kila nchi inaruhusiwa kupeleka wakimbiaji watatu waliotimiza masharti. Majirani zetu huzijaza nafasi hizo na kuacha nyumbani watu ambao kwingineko wangekuwa mabingwa. Sisi tunaye Gabriel Geay, aliyekimbia Valencia Desemba 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili, na aliyekuwa wa pili Boston mwaka 2023, akimwacha Kipchoge katika nafasi ya sita. Kwa upande wa wanawake tunaye Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Hao ni watu wa daraja la dunia. Lakini baada ya kuwataja hao, ulimi huanza kusitasita.

Anayetaka kujua wa kuwafuata watatoka wapi, na apande Arusha, aamke kabla ya alfajiri na asimame kando ya barabara ya Ngaramtoni. Atawaona vijana wakipita katika ukungu, makundi kwa makundi, huku akina mama wa Kiarusha wakiteremka na maziwa na mboga kwenda sokoni. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na juu yake Mlima Meru unapanda hadi zaidi ya meta 4,500. Kijana anaweza kuanzia mjini, akapanda katikati ya migomba na mibuni, akafikia msitu ambako hewa ni nyepesi. Hewa nyepesi huulazimisha mwili kuongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni, na huo ndio mtaji wa mkimbiaji wa mbio ndefu. Akitaka joto, huteremka upande wa Moshi siku hiyohiyo. Mwenyezi Mungu ametupa kiwanja ambacho mataifa mengine hukipanda ndege kukitafuta.

Ardhi hiyo haikuanza jana kuzaa. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ndiye aliyeongoza tangu mwanzo hadi mwisho mjini Christchurch tarehe 2 Februari, 1974, na kuweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 mjini Moscow, yeye na Suleiman Nyambui waliipatia Tanzania medali mbili za fedha za Olimpiki. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, naye Juma Ikangaa akashinda New York mwaka 1989. Katika miaka ile bingwa mmoja alikuwa akimvuta mwenzake. Baadaye safu ikapungua, ikawa tunapata mmoja mmoja: Christopher Isengwe na fedha yake ya Helsinki mwaka 2005, kisha Simbu. Vipaji havikukauka. Kilichopungua ni mashindano ya ndani, viwanja vya kukimbilia, na walimu wa kuwashika vijana mikono wanapotoka shuleni.

Mjini Arusha upo uwanja unaoitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid, malenga aliyewaandikia watunzi sheria za vina na mizani. Utungo ukipungukiwa mizani, haimsaidii mtunzi kuwa na kituo kizuri. Kikosi nacho ni vivyo hivyo. Medali moja ya dhahabu ni kituo kizuri. Zilizopungua ni beti za kati.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yaliyo wazi. Viongozi wa mikoa wahakikishe mashindano ya mbio ndefu yanafanyika kila mwaka kwa tarehe inayojulikana, ili kijana ajue anafanyia mazoezi siku gani. Watakaochaguliwa wajulikane mapema, walishwe na kutibiwa wakiwa kambini, si kutafutwa wiki za mwisho. Na sisi wa Visiwani tusijione watazamaji. Mwili huhitaji takriban wiki mbili kuzoea joto, na joto lenye unyevu tunalo kuliko Arusha, hata wakati wa kusi. Kikosi kikishushwa Unguja kabla ya kusafiri, kitakuwa kimejilinda iwapo Beijing itaamka na joto. Skuli zetu nazo ziwapeleke wenye vipaji Arusha wakajifunze kwa walio bora.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Simbu amekwisha kulipa deni lake kwa taifa mjini Tokyo. Siku ya Beijing, tutakapokaa mbele ya televisheni kumtafuta katika kundi la mbele, itatupasa kuhesabu jezi za Tanzania zilizomzunguka. Zikiwa tatu, tutakuwa na haki ya kutumaini. Ikiwa ni moja, tusimlaumu aliyeivaa.