Kunasa Sauti Nyingi kwa Pamoja Nyumbani

Zamani mtu aliyetaka kunasa nyimbo za kikundi kizima ilimbidi aende stesheni ya redio au studio kubwa. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa katika chumba cha nyumbani kwa kompyuta na vyombo vichache. Lakini wazazi wengi walionunua vyombo hivyo kwa fedha nyingi hulalamika kwamba sauti inatoka na mikwaruzo. Mara nyingi vyombo ni vizima kabisa. Kosa limo katika jinsi vilivyounganishwa.

Tutwae mfano wa kikundi cha taarabu chenye udi, kanuni, fidla tatu, akodiani, dumbaki, besi na waimbaji wanne. Hao ni 12, na kila mmoja atapewa mikrofoni yake na njia yake. Sababu yake ni hii: sauti zikinaswa mbali mbali, udi uliofifia waweza kuongezwa baadaye bila ya kugusa fidla. Zikichanganywa mapema, hazitengeki tena, kama sukari iliyokwisha koroga katika chai.

Mikrofoni hutoa umeme mdogo mno, pengine millivolti chache tu. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika priampu, yaani chombo cha kuukuza umeme huo. Kukuza kwa desibeli 60 ni kuzidisha volti mara 1,000. Umeme uliokwisha kuzwa, ambao katika vyombo vya studio ni kama volti 1.23, huingia katika kigeuzi. Hiki huupima umeme mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kuwa namba, kwa kuwa kompyuta haijui kitu kingine ila namba. Sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Kazi za filamu na televisheni hutumia 48,000.

Watengenezaji hupenda kutia priampu na kigeuzi katika sanduku moja, na ndiyo maana watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Hapo huanza kosa la kwanza. Mtu hununua priampu nzuri ya pembeni, kisha huchomeka waya wake katika tundu la mikrofoni la sanduku lake. Sauti iliyokwisha kuzwa inakuzwa mara ya pili, nayo hupasuka. Yapasa iingie katika tundu la umeme mkubwa, lile linaloitwa laini. Tena, usikuze kupita kiasi. Kigeuzi kina dari, nayo huitwa sifuri. Sauti ikigonga dari hukatwa kichwa, wala hakuna fundi awezaye kukirudisha. Waimbaji wakiimba kwa nguvu zao zote, kipimo kisipite desibeli 12 chini ya sifuri.

Sasa tuseme sanduku letu lina njia 4 tu za mikrofoni. Nane zilizobaki tutazipata wapi? Mwaka 1991 kampuni ya Alesis ya Marekani ilitangaza kinasa sauti kilichoitwa ADAT, kilichotumia kanda za video. Mashine yenyewe imekwisha pitwa na wakati, lakini njia yake ya kupeleka sauti 8 kwa mwanga katika waya mmoja mwembamba ingali inatumika. Basi hununuliwa sanduku la pili lenye priampu 8 na vigeuzi 8, na waya wa mwanga hutoka humo na kuingia katika sanduku la kwanza. Nne na nane ni 12. Lakini angalia: ukichagua vipimo 96,000 kwa sekunde, waya huo hubeba sauti 4 tu, na wanamuziki wanne hawatasikika. Mimi naona vipimo 48,000 vya biti 24 vyatosha sana.

Yaliyobaki ni saa, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kila kigeuzi kina saa yake ndani, kijiwe kinachotikisika, na hakuna saa mbili zilizo sawa kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, basi katika vipimo 48,000 tofauti ni karibu kipimo kimoja kila sekunde. Sanduku linalopokea huona namba imezidi au imepungua, nalo huitupa au huirudia, na sikio husikia "tik". Kwa nusu saa ya muziki, tofauti hufika vipimo 1,728.

Dawa yake ni kuwa na saa moja tu inayoongoza. Ikiwa waya wa mwanga ni mmoja, sanduku linalotuma liongoze, na lile la kompyuta liamriwe kufuata saa inayokuja kwa mwanga. Ukitaka la kompyuta liongoze, hapana budi upitishe waya wa pili wa kurudi, ili lile jingine lipate saa ya kufuata. Yote mawili yakiongoza, mikwaruzo haiishi hata ubadili mikrofoni zote.

Uko pia mlio wa "mmm" utokanao na umeme wa nyumba. Chomeka vyombo vyote katika soketi moja, na tumia waya zenye nyuzi tatu, ambazo hubeba sauti mara mbili kinyume kwa kinyume ili uchafu uliodakwa njiani ufutike. Wako wanaokata waya wa ethi ili kuua mlio huo. Hufa kweli, lakini siku chombo kikiharibika, umeme waweza kupita katika mwili wa mwimbaji aliyeshika mikrofoni. Asifanye hivyo mtu yeyote.

Kisha nasa dakika tano za majaribio, uzisikilize kwa hedifoni njia moja moja, kabla ya kuwaita wanamuziki.