Wazee wa Mvua wa Nganyi: Hawa Hata Weatherman Huwasikiza

Msee, usicheke buda anayesoma mvua kwa miti. Huko Vihiga, ukoo wa Nganyi wamefanya hiyo kazi vizazi kadhaa: wanacheki miti ikichanua, ndege, wadudu na upepo. Shida ni, miti inakatwa na tabianchi inabadilika, so ishara zinapotea.

Hapo ndipo wazee na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa walipoamua kukaa meza moja. Kila upande ulileta utabiri wake wa msimu, wakalinganisha, wakatoa mmoja. Wataalamu wana setilaiti. Wazee wanajua kijiji chao, na wakulima wanawaamini.

Mkulima akipanda mvua ikose, mbegu na doo zimeenda. Shosho akikushow ungoje kupanda, muulize ameona nini.