Kabla ya Kikundi Kulipa Karo ya Kompyuta



Swali ambalo vikundi vinatuuliza sana siku hizi ni moja. Tuna kijana wetu amemaliza kidato cha nne, kikundi kimemwekea pesa kidogo, na anataka kuja Nairobi kukaa kwa shangazi yake asomee kompyuta. Je, asomee nini hasa ndio apate kazi? Ni swali la maana sana, kwa sababu hiyo pesa ni ya mayai, ya maziwa na ya merigoraundi, na ikipotea hairudi. Sisi tutalijibu kwa kumtazama kwanza mwenye kazi, halafu ndio tutazame chuo.

Kwa wale ambao hawajafika huku, Majengo ni sehemu ya Pumwani, upande wa mashariki ya mji. Ni mtaa wa zamani. Mwanzo wa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwapa Waafrika nafasi hapa wajijengee nyumba, na mpaka leo watu wengi wanaishi kwa kupangisha vyumba na kwa biashara ndogo. Ukitembea kidogo uko Gikomba kwenye mitumba. Kamukunji kuna mafundi wa jua kali wanaogonga mabati. Eastleigh ni maduka ya nguo ghorofa juu ya ghorofa, na Industrial Area ya viwanda pia si mbali. Hao ndio wenye kazi walio karibu na kijana wenu. Zile ofisi za vioo za Westlands zipo, lakini huko atashindana na watu wenye digrii, na nauli peke yake itamlemea kabla hajaitwa intaviu ya pili.

Sasa, mwenye duka la Eastleigh au mwenye stoo ya Gikomba anataka mtu anayejua nini?

Vyuo vingi vya mitaani hufundisha kitu kinachoitwa pakeji. Miaka ya 1990 pakeji ilikuwa ni DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase. Leo ni Word, Excel, PowerPoint, Access, na somo la intaneti. Majina yamebadilika lakini ufundishaji kwa vyuo vingine haujabadilika: mwanafunzi anaonyeshwa hiki kitufe kinafanya hivi na kile kinafanya vile, wiki mbili kwa kila programu, mwishowe anapewa cheti chenye rangi. Halafu mwenye duka anamwambia, "Nitolee hesabu ya wiki hii," na kijana anabaki akitazama kioo. Alifundishwa vitufe, hakufundishwa kazi.

Tukiambiwa tutaje ujuzi mmoja tu, basi tutataja kuweka hesabu kwa Excel, au kwa programu yoyote ya jinsi hiyo maana zote zinafanana. Tueleze kwa mfano ili akina mama na wazee wa kamati waelewe wanalipia nini.

Tuseme kuna duka la nguo. Kitabu cha bidhaa kinaonyesha kwamba siku ya Jumamosi zimetoka nguo za shilingi 38,900. Jioni, pesa taslimu kwa droo ni 14,500. Zilizolipwa kwa M-Pesa, kupitia ile nambari ya till ya duka, ni 23,450. Jumlisha: 37,950. Kuna pengo la shilingi 950. Zamani hapo ugomvi ungeanza, mwenye duka angemkata yule msichana wa kuuza, au wangenuniana wiki nzima. Karani anayejua kazi anachukua taarifa ya M-Pesa, anaiingiza kwa Excel, anaipanga kwa saa na kwa kiasi, na anailinganisha na risiti moja moja. Anakuta nguo ya 950 ilitoka saa nane mchana na hakuna malipo kama hayo kwa till. Anauliza. Kumbe mteja alituma pesa kwa simu ya mwenye duka mwenyewe, kwa sababu mtandao wa till ulikuwa umekataa. Pesa haikuibwa. Na yule msichana hakukatwa mshahara.

Hiyo kazi inaitwa kuoanisha hesabu, na tangu Lipa na M-Pesa ianze mwaka wa 2013 kila duka linaihitaji, maanake pesa inaingia kwa milango mitatu au minne. Kijana hahitaji kujua Excel yote. Anahitaji kujumlisha, kupanga, kuchuja, kutafuta bidhaa kwa orodha ndefu, na kuweka kanuni ya kusema kama kiasi hiki hakilingani na kile, nionyeshe. Akishika hayo vizuri, programu za maduka zenye skana ya kusoma bei, na zile za uhasibu kama QuickBooks, atazishika akiwa kazini, kwa sababu anaelewa zinatafuta nini.

Pamoja na hayo kuna mambo madogo ambayo chuo huyapita mbio: kupiga chapa bila kutafuta herufi kwa kidole kimoja, kulipa faili jina linaloeleweka, kugeuza barua iwe PDF, kuambatisha kwa barua pepe na kuandika mistari miwili ya adabu juu yake, na kuweka nakala mahali pengine. Hilo la nakala msilichukulie mchezo. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15, na moto ukija hausazi kitabu cha mauzo wala daftari la madeni. Mfanyabiashara ambaye orodha yake ya wadeni iko pia kwenye akaunti ya intaneti, au hata kwa simu ya ndugu yake, anaamka kesho yake akijua anadai nani.

Ujuzi wa pili unatokana na serikali. Mtandao wa eCitizen ulianza mwaka wa 2014, na sasa cheti cha tabia njema, pasipoti, jina la biashara, leseni ya dereva, vyote vinapitia huko. Kodi iko iTax. Usajili wa matibabu uko SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mwanafunzi anayetaka chuo kikuu anaomba kupitia KUCCPS, na mkopo anauomba HELB, yote kwa kompyuta. Watu wengi hawawezi kujifanyia, kwa hivyo wanakwenda sayba. Hizi sayba zilizojaa Eastlands, na hata kwa senta zenu za mashambani, ndizo zinazomwajiri kijana wa kwanza kabisa. Mwenye sayba anataka mtu anayejua njia zote hizo bila kuulizauliza, ambaye pia atamvumilia mzee aliyesahau neno lake la siri kwa mara ya tatu.

Wenye biashara kubwa kidogo wanaongeza eTIMS, yaani ankara ya kompyuta ya KRA. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara ambayo haina ankara ya eTIMS haihesabiwi wakati wa kupiga kodi ya mapato, isipokuwa chache zilizosamehewa. Kwa hivyo mnunuzi wa viwandani anamdai anayemuuzia hiyo ankara, na anayeuza anatafuta mtu wa kuitoa. Hili linahusu hata vikundi. Kama mnauzia hoteli au shule unga au mboga, kuna siku mtaulizwa.

Hapa lazima tuseme neno juu ya uaminifu, na hatulisemi kwa sababu sisi ni watu wa kanisa tu. Mtu wa sayba anashika vitambulisho vya watu, PIN za KRA, maneno ya siri, saa zingine hata simu yenyewe mkononi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na kuna Kamishna anayepokea malalamiko na anaweza kutoza faini. Kijana anayeandika maneno ya siri ya wateja kwa daftari lake, au anayepiga picha kitambulisho "ya kukumbuka", anamweka tajiri wake hatarini hata kama hana nia mbaya. Wenye kazi wanalijua hilo. Ndiyo sababu barua ya mzee wa kanisa, ya imamu au ya chifu bado ina uzito hapa Majengo kuliko vyeti vitatu vya pakeji.

Kuuza kwa simu nako kuna kazi. Mwenye mitumba anataka mtu wa kupiga picha nguo kwenye mwanga mzuri, kuandika bei na saizi, kuweka kwa WhatsApp, na kujibu wateja upesi. Hiyo haihitaji chuo hata kidogo, na kikundi kisiilipie karo.

Kutengeneza simu, kuvuta waya za intaneti na kuweka kamera za ulinzi ni ufundi mzuri sana kwa kijana anayependa kazi ya mkono, na hauhitaji Kiingereza kingi. Lakini hujifunzwa kwa fundi. Akae miezi pale Luthuli Avenue au kwa fundi wa mtaani, apewe bisibisi, aharibu vitu vya kuharibika. Ikiwa kikundi kina pesa za kumnunulia vyombo tu, hazijapotea.

Na hiyo ya kuandika programu, ambayo vijana wote wanaitaja? Kazi zipo, na Wakenya wanaozifanya ni hodari. Hata hivyo ni safari ya miaka, si ya miezi mitatu, na inataka mtu aliyependa hesabu tangu shuleni. Isitoshe, siku hizi kuna programu za akili bandia zinazoandika barua, na hata programu nyepesi, kwa dakika moja. Kwa hivyo yule aliyejua vitu vyepesi peke yake ndiye anayebanwa kwanza. Mwenye kazi sasa anatafuta mtu wa kukagua: kusoma kile mashini imeandika na kusema hapa imedanganya, bei hii si yetu, jina la mteja limekosewa.

Kuna pia kazi za kufundisha hizo mashini, kutia alama kwenye picha na maandishi, na kuchuja mambo machafu yanayowekwa mtandaoni. Nairobi imekuwa na kazi hizo kwa miaka mingi. Wazazi wajue pande zote mbili. Mwaka wa 2022 Daniel Motaung, aliyefanya kazi ya kuchuja Facebook hapa Nairobi, alishtaki kampuni za Meta na Sama akisema kazi ile ilimuumiza akili na kwamba wafanyakazi hawakutendewa haki. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza kwamba watu walioajiriwa Nairobi kutia alama maandishi ya kufundishia programu za OpenAI walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mtu anaweza kuikubali kazi hiyo, lakini asome mkataba, aulize ataonyeshwa nini, na aulize kama kuna mtu wa kuzungumza naye akizidiwa.

Basi turudi kwa karo. Msimlipe mtu yeyote kabla mjumbe mmoja wa kikundi hajakitembelea chuo, mchana, wakati wa masomo. Ahesabu mashini zinazofanya kazi na wanafunzi wanaozingojea. Aulize stima ikipotea wanafanyaje. Aulize cheti kinatolewa na nani, na kama chuo kimesajiliwa na TVETA, ambayo ndiyo mamlaka ya vyuo vya ufundi. Orodha ipo na haifichwi. Halafu amwombe mwanafunzi aliye karibu kumaliza amwonyeshe kazi moja aliyoifanya mwenyewe tangu mwanzo. Akionyeshwa mabango ya siku ya kuzaliwa yenye maua, ashukuru na aondoke.

Mara nyingi si lazima kijana aje Nairobi. Mwaka wa 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza mtoto akitoka shule aende wapi, na kutokana na fikira hizo zikazaliwa polytechniki za vijijini. Leo zinaitwa vituo vya mafunzo ya ufundi na ziko chini ya kaunti. Vingi vinafundisha kompyuta, na kijana analala kwao na kula kwao. Ulizeni hapo kwanza.

Na kabla ya hata hapo, mpeni kazi. Kikundi chenu chenyewe kina daftari la akiba, la mikopo na la faini, na mweka hazina ambaye macho yamechoka. Yule anayeomba karo aazime laptopu ya shule au ya parokia na ayaingize yote, mwezi hadi mwezi, tangu Januari. Halafu asimame mbele ya mkutano, aonyeshe kila mwanachama ameweka ngapi, anadaiwa ngapi, na jumla ilingane na kitabu cha benki. Isipolingana, mpeni wiki mbili atafute pengo liko wapi. Mkishaona amelipataje, tuandikieni. Tungependa kuchapisha jinsi vikundi mbalimbali vilivyofanya.